NYUMBA YETU: Fundi ameharibu dushi, tufanye je?

Mama mmoja wa Kolwezi ametuandikia barua ya kurasa tatu. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo. Si kwa kumchekelea yeye, ni kwa kujiona mimi mwenyewe ndani ya barua yake. Mume wake alikufa, akabaki na nyumba ya kambi. Alitoa feza ya masomo ya watoto kwa kutengeneza kabine na dushi. Fundi alifanya siku sita, akalipwa yote, akaenda. Sasa maji ya kuoga hayaingii katika tundu, yanakuja kwenye mlango. Ukuta wa chumba cha watoto ni mbichi mpaka fasi ya goti, na usiku harufu ya shimo inapanda ndani ya nyumba. Na fundi huyo ni nani? Ni mtoto wa dada ya mume wake. Mama anauliza: «Nikimpeleka kwa chefu wa kartie, jamaa ya marehemu watasema niko natafuta vita. Nikinyamaza, nyumba itaoza. Nifanye je?»

Mama, neno lako si dogo, tena si la wewe peke yako. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mtu wa kambi hakujua hata bei ya robine. Tiyo ikipasuka, mama alienda kwenye biro ya kambi, jina likaandikwa, fundi akatumwa na sanduku lake, na kapita akapita nyuma yake kutazama kama kazi ni sawa. Kweli, ilichelewa mara nyingi. Lakini haikuwa mzigo wako. Siku hizo zimepita. Katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika ile mipango ya «départ volontaire», na nyumba nyingi za kambi zimekuwa mali ya wale waliokaa ndani. Nyumba ni yako, vizuri sana. Lakini ile tiyo ya chuma iliyozeeka ndani ya ukuta nayo ni yako, na kapita sasa ni wewe.

Na ginsi ya kuwa kapita, hakuna aliyetufundisha. Mimi nilijifunza kwa hasara.

Ilikuwa Likasi, kiangazi kimoja. Mama ya watoto alichoka kuoga ndani ya kibanda cha manjanja nyuma ya lupango, nikasema mwaka huu tutaweka dushi ndani ya nyumba. Nikapata kijana mmoja, maneno yake matamu, mtoto wa mtu tuliyefanya naye kazi zamani. Aliingia, akatazama ukuta muda wa kufunga kamba ya kiatu, akasema: «Papa, hii kazi ni ya siku ine tu. Usiogope hata kiloko.» Tukasikilizana dola 120 kwa kazi ya mikono, vitu nitanunua mimi. Akaomba dola 80 mbele, mtoto wake ni mgonjwa. Nikatoa. Hatukuandika hata mstari mmoja. Juu ya nini kuandika? Nilimjua baba yake!

Asubuhi nilienda kazini, magaribi nilirudi, kila siku naona karo nyeupe zinapanda juu ya ukuta na moyo unafurahi. Karo nyeupe zinadanganya macho, wasomaji. Mtu anatazama karo, hatazami kilicho nyuma yake. Siku ya nne, kweli, kijana alimaliza. Nikamlipa dola 40 zilizobaki, nikaongeza na pombe.

Siku ya posho mtoto wa kwanza aliingia kuoga. Maji yakatoka chini ya mlango, yakafika chini ya meza ya kulia. Nikamwita fundi. Akatazama, akakuna kichwa, akaniambia: «Papa, maji haiyazoea bado njia yake.» Mama ya watoto alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Majuma mawili kisha, ukuta wa upande wa watoto ukaanza kutoka jasho, rangi ikainuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mtoto mdogo, ambaye kitanda chake kilikuwa kwenye ukuta ule, akaanza kukohoa usiku. Kisha harufu. Nikamwita fundi tena: leo yuko Lubumbashi, kesho yuko kwenye matanga, kesho kutwa telefone imefungwa.

Sasa nitawaambia kosa langu, maana wengi mnalifanya. Siku moja nilimkuta kwenye kazi ya mtu mwingine, nikakamata mfuko wake wa vyombo: kijiko cha fundi, nivo, nyundo, kamba. Nikasema: utavipata siku utakapotengeneza dushi yangu. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Asubuhi yake bibi yake alikuja, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Hakulia, hakutukana. Akasema tu: «Papa, bila vyombo tutakula nini?» Na nyuma ya ua majirani wanasikiliza. Jana mimi nilikuwa mwenye haki, leo nimekuwa mnyang'anyi. Nikarudisha mfuko. Usikamate vyombo vya fundi, hata kama hasira inakupanda kichwani. Mbele ya sheria hauna ruhusa ya kujilipa kwa mkono wako, na fundi asiye na chombo hawezi kukulipa kamwe.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja, plombie wa zamani, aliyefanya miaka mingi katika ginsi ileile ya kambi. Nilimwomba aje kutazama, nikamlipa kwa kuja kwake. Hakuvunja kitu. Kwanza alifunga tundu kwa kitambaa na plastiki, akamwaga maji mpaka yakasimama kimo cha vidole viwili, akatia alama ya makala kwenye ukuta, akasema tusiguse mpaka kesho saa ileile. Kesho yake maji yalishuka chini ya alama karibu kidole kizima. «Hayo hayakunywewa na jua,» akasema. «Yamekunywewa na ukuta wako.» Kisha akachukua kipande cha feza, akagonga karo moja moja. Karo iliyokaa vizuri inalia kama jiwe. Karo iliyo na utupu nyuma yake inalia kama sanduku. Ndani ya dushi yangu, karo zaidi ya nusu zililia kama sanduku, maana kijana alitia simenti vipande vitano tu kwenye pembe na katikati, na maji yakapata vyumba vya kulala.

Chini hakukuwa na mteremko. Dushi inataka karibu sentimetre 2 kwa kila metre kwenda kwenye tundu. Chumba kikiwa metre moja na nusu, tundu ni chini kwa sentimetre 3. Hii hata mama anaweza kupima yeye mwenyewe mbele ya karo kuwekwa: umwage kopo la maji kila pembe, utazame yanakimbilia wapi. Dakika tano! Juu ya dakika tano hizo mimi nilipoteza kiangazi kizima.

Harufu? Chini ya tundu hakukuwa na sifoni. Sifoni ni ile tiyo iliyopindwa kama shingo la bata, ambamo maji ya kimo cha sentimetre 5 hivi yanabaki saa zote. Maji hayo ndiyo mlango: mvuke wa shimo hauwezi kupita. Kijana aliunganisha tiyo sawasawa tu mpaka katika fosa, basi tukalala na fosa. (Na ninyi mlio na sifoni nzuri lakini harufu inapanda: labda ni dushi ya wageni isiyotumika. Maji ya sifoni yamekauka. Mwage kopo moja kila juma, itatosha.)

Mzee alipofika kwenye tiyo ya maji safi, pale ya plastiki inapokutana na ile ya chuma ya zamani, ndipo alipotikisa kichwa. Fasi ya filasi na vis ya kukaza, kijana alifunga mpira ya kinga, akazungusha, akakaza kwa waya, akafunika na simenti. Mchana tiyo haikutoka hata tone. Lakini mnajua avenyu ambamo maji yanakuja usiku tu. Saa nane ya usiku maji yanakuja na nguvu, mpira unafunguka, ukuta unakunywa mpaka asubuhi. Ndiyo maana tiyo yote ikae wazi siku moja na usiku mmoja, robine zimefungwa, maji yakiwa na nguvu, mbele ya kuifunika. Fundi akikimbilia kufunika tiyo siku ileile ameiweka, mzuie. Mwambie: leo papa hajaona.

Na simenti. Mfuko wa kilo 50 unajaza karibu litre 35. Kwa chini ya dushi na kwa ukuta unaopigwa na maji, simenti moja kwa mchanga tatu, maana yake mfuko mmoja na ndoo kumi za litre 10, si zaidi. Mimi nilinunua mifuko minne. Mzee aliposugua ukuta kwa kidole, mchanga ukamwagika kama unga wa muhogo. Mifuko minne haikuingia pale, mbili labda. Zile mbili zilienda wapi, kila msomaji wa magazeti hii anajua. Kisha simenti inataka kunyweshwa maji siku saba ili ikomae. Yangu ilipata karo kesho yake. Mchanga nao uwe safi: tia kidogo ndani ya chupa ya maji, tikisa, acha itulie. Ukiona bulongo nene juu ya mchanga, rudisha. Na ule unaochotwa kwenye mabaki ya mgodi, fasi walipofulia mawe, usiingize ndani ya nyumba ya watoto hata ukipewa bure.

Mtaniuliza: basi ulifanya je na yule kijana? Hasira ilikuwa imepoa kidogo. Niliandika kwenye karatasi makosa yote aliyoonyesha mzee, moja moja, bila matusi, nikapiga picha kwa telefone: ukuta, tundu, mpira ya kinga. Nikamtuma mtoto na karatasi kwa kijana: tunakungojea siku fulani, saa kumi, utakuja na baba yako mdogo. Maana baba yake alikuwa amekufa. Nikaweka siku ya mwisho pia, majuma mawili. Hii barua ya kumpa mtu siku ya kurudi na kutengeneza ina maana kubwa. Ukienda kesho mbele ya wakubwa, swali la kwanza watakuuliza ni: ulimwambia? ulimpa nafasi?

Wakaja. Tukakaa watano, mzee plombie katikati. Kijana alianza kukataa: «Papa alinunua tiyo ya bei chini, njo maana.» Na hapo, wasomaji, nilipaswa kunyamaza, maana ilikuwa kweli. Tiyo ya maji machafu nilinunua ile nyembamba sokoni, kuokoa dola chache, na yeye alikuwa ameniambia mara moja haitafaa. Aliponiambia nilimjibu: fanya tu. Basi kosa la tiyo ile lilikuwa langu. Lakini mteremko, sifoni, mpira ya kinga na simenti lilikuwa lake. Fundi anayejua kwamba kitu ni kibaya anaweza kukataa kukiweka, lakini kijana aliyekwisha kula avansi na mwenye mtoto mgonjwa hana nguvu ya kukataa. Na mzee akamwuliza neno moja ambalo mimi sikufikiri kumwuliza: «Nani alikufundisha?» Kijana akatazama chini. Hakuna. Alibeba simenti miaka miwili kwa fundi wa nyumba, akanunua kijiko, akajiita plombie.

Tukagawanya hivi: nitanunua tiyo nzuri na sifoni, yeye atalipa mifuko miwili ya simenti, kidogo kidogo, atavunja na kutengeneza bila kulipwa, chini ya macho ya mzee, mzee namlipa mimi. Ikaandikwa karatasi mbili, kila mtu yake, na mashahidi wawili. Karo zilizo nzima alizitoa kwa upole, akaokoa karibu nusu. Majuma matatu, si siku ine. Ukuta wa watoto tuliukwangua mpaka kwenye matafari, tukauacha ukauke mpaka mwisho wa kiangazi mbele ya kupaka rangi, na kitanda cha mtoto tulikihamisha. Hiyo msiichelewe hata siku moja: kwanza ondoa mtoto kwenye ukuta mbichi, kisha mtagombana na fundi.

Na msifikiri ni neno la uzuri wa nyumba tu. Mwanzo wa mwaka 2008 kolera iliwapiga watu wa Likasi na Lubumbashi. Maji ya kabine yanayotembea chini ya nyumba yanajua njia kwenda kwenye kisima cha jirani, au kuingia ndani ya tiyo safi iliyopasuka saa ile maji hayana nguvu. Shimo na kisima viachane metre 30, tena shimo likae upande wa chini, si wa juu. Fundi akikuambia metre tano zinatosha, huyo hatakunywa maji yako.

Narudi kwa mama yetu wa Kolwezi. Mama, usianze kwa chefu wa kartie, wala usinyamaze. Tafuta kwanza fundi mwingine mwenye miaka, si wa jamaa, atazame na kusema makosa mbele ya mtu mmoja mkubwa wa jamaa ya marehemu, yule unayemwona ana roho ya haki. Kila jamaa ina mmoja. Usimwite kusikiliza malalamiko. Mwite aone ukuta, atie mkono wake pale ulipo mbichi, alale hapo usiku mmoja kama anataka kusikia harufu. Mtu aliyeona kwa macho yake hatasema unatafuta vita. Yeye ndiye atakayemwita kijana, si wewe.

Ulilipa yote, hapo umepoteza nguvu moja, ni kweli. Usiseme «nirudishie feza», maana feza imekwisha kuliwa na utamfanya akimbie. Omba kazi: avunje, atengeneze, chini ya macho ya fundi mkubwa. Kama hana ujuzi kabisa, usimpe tena nafasi ya kugusa tiyo. Aandike deni na alipe kila mwezi, na fundi mwingine afanye. Karatasi itaje siku, vitu, feza, na majina ya mashahidi. Sheria yetu ya mapatano ni ya tarehe 30 Julai 1888, na artikle yake ya 33 inasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale waliopatana. Hata mapatano ya mdomo ni mapatano. Lakini mdomo unasahau, na majuji wanapenda karatasi. Kama jamaa wakishindwa na siku ya mwisho ikapita, hapo nenda kwa chefu wa kartie na karatasi yako na picha zako, na kisha, ikiwa lazima, kwenye tribunal de paix. Fanya hesabu mbele: kazi ya dola 100 inaweza kula dola 100 za kwenda na kurudi.

Na siku utakapomwita fundi tena, wa jamaa au wa nje, gawanya malipo mara tatu au ine. Kidogo wakati wa kuanza; kingine tiyo ikiisha kupimwa usiku mzima; kingine chini ikishika maji bila kushuka; na kipande cha mwisho, kisicho kidogo, mwezi mmoja kisha kuoga. Fundi mwema atanung'unika lakini atakubali. Anayekataa kabisa kungoja mwezi mmoja, anajua kitakachotokea katika mwezi ule.

Yule kijana wangu? Alimaliza kulipa simenti kisha miezi mitano. Mzee alimchukua kama msaidizi, wakafanya pamoja miaka mitatu mpaka mzee alipochoka magoti. Mwaka jana alikuja kutengeneza robine ya jikoni kwetu. Alipomaliza nilitoa feza mfukoni, akakataa: «Papa, ngoja kwanza maji ya usiku ipite.»

Mwezi kesho tutazungumza juu ya manjanja yanayovuja, mbele ya mvua kuanza. Mwenye swali aandike, hata kwa kalamu ya makala, tutasoma.